Somo la Jumamosi na Nyumba ya Watoto

Mwaka niliorudi shule nilikuwa nimechoka kabla hata sijaanza. Nilikuwa msaidizi wa mhasibu katika shamba kubwa la chai nje ya mji wa Kericho, upande ule wa barabara inayopanda kuelekea Kedowa, na nilikuwa nimekalia kiti hicho muda mrefu hadi vijana niliowafundisha kazi wakawa wananipita kwa cheo. Kila nafasi ilipobandikwa ubaoni, chini yake paliandikwa shahada ya pili. Kwa hiyo nikaomba nafasi katika kampasi ndogo mjini, iliyokuwa orofa ya juu ya duka la vifaa vya ujenzi, nikaanza kusomea usimamizi wa biashara kila Jumamosi kutwa.

Mume wangu anafundisha shule ya upili upande wa Bomet. Alikuwa akifika nyumbani Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili alasiri. Siku moja nzima ambayo tungekaa pamoja ndiyo niliyoipeleka darasani. Hakunikataza. Aliamka kabla yangu, akabandika maji ya kuoga, akanipakia chapati na yai kwenye kikopo cha watoto, kisha akarudi kujilaza kidogo. Nilipokuwa nikifunga viatu nilimsikia akigeuka kitandani, na kila Jumamosi nilitamani kuvua viatu hivyo.

Nilikuwa nikipewa lifti na mwanafunzi mwenzangu, mzee wa makamo aliyekuwa na stoo ya viazi na kabeji Kedowa. Alinipitia kwenye njia panda ya shamba, ndani ya Probox yake iliyonuka udongo na magunia. Watoto wake wote walikuwa wamemaliza chuo, na yeye alisema amekuja kusoma ili asiendelee kukaa mbele ya watu wa benki kama mtu anayehukumiwa kwa lugha asiyoijua. Aliniita madam ingawa alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka mingi. Mimi nilimwita mzee. Njiani hatukuzungumza sana. Yeye alikuwa ameamka kupakia viazi, mimi nimeamka kufua.

"Umesoma?" aliniuliza.

"Nilifungua kitabu."

"Mimi changu nilikiweka kando ya kitanda," alisema. "Asubuhi nimekikuta hapo hapo."

Somo lililotutoa jasho muhula wa pili lilikuwa usimamizi wa fedha za makampuni. Mwalimu wetu alikuwa kijana mwembamba aliyekuja kutoka Nakuru kila wiki, baada ya kufundisha kwingine siku ya Ijumaa. Tulimwita Daktari. Siku ya kwanza alitukatiza. "Bado naandika tasnifu," alisema. "Niiteni mwalimu tu." Tuliendelea kumwita Daktari, naye akachoka kukataa.

Nilidhani kwa kuwa nimefanya kazi ya uhasibu somo hili lingekuwa mteremko kwangu. Halikuwa. Uhasibu niliouzoea ulikuwa wa kuandika kilichokwisha kutokea: nani kalipwa, mbolea gani imeingia, lori gani limetengenezwa. Somo hili lilitaka niandike ambacho bado hakijatokea. Mwalimu alichora mstari ubaoni, akaweka leo upande wa kushoto na miaka ikifuatana kwenda kulia, akasema kila pesa inayotarajiwa huko kulia lazima irudishwe hadi leo, na ikirudi hurudi imepungua, kwa sababu anayesubiri anastahili kulipwa kwa kusubiri kwake, na kwa hatari kwamba pesa yenyewe huenda isije. Kadiri inavyotoka mbali ndivyo inavyopungua. Tatizo lilikuwa kiwango cha kupunguzia. Hicho kilitegemea kampuni imetoa wapi mtaji wake, kwa wenye hisa au kwa mkopo, na kila mmoja wao anataka faida gani kwa kuachilia pesa yake. Nilinakili yote kwa mwandiko mzuri. Nikifika nyumbani na kufungua daftari nilisoma kama mtu anayesoma barua ya jirani.

Halafu kulikuwa na mvua. Mvua ya Kericho huja alasiri, na paa la kampasi lilikuwa la mabati bila dari. Ikianza, sauti ya mwalimu ilizama. Aliandika fomula moja mbili akiwa kimya, kisha akaweka kalamu mezani, akaketi, akasubiri. Nasi tuliinamisha vichwa juu ya madawati. Siku moja nilipoinua changu mvua ilikuwa imekatika kitambo, maji yakichuruzika tu kwenye mfereji, na darasa lote lilikuwa limelala. Mzee wa viazi alikuwa akikoroma taratibu. Mwalimu pia alikuwa amelala, kidevu kifuani, kalkuleta mkononi. Sikumwamsha mtu. Niliona hakuna yeyote humo ndani mwenye nguvu za kumcheka mwenzake, nikainamisha kichwa tena.

Mtihani mdogo wa kwanza nilianguka. Wiki iliyofuata mwalimu alifundisha jambo ambalo nililishika upesi kuliko yote. Alisema pesa iliyokwisha kutumika haina sauti katika uamuzi. Kampuni ikiwa imejenga nusu ya kiwanda, isimalizie kwa sababu tu imeshatumia nyingi. Iulize kilichobaki kitagharimu nini na kitaleta nini. Basi. Nililichukua somo hilo hadi nyumbani kama dawa niliyoandikiwa.

Jioni ile mume wangu alikuwa jikoni akimenya ndizi mbichi. Nilivuta kigoda nikakaa karibu naye.

"Nataka kuacha masomo," nilimwambia. "Karo niliyolipa imeshakwenda. Haifai kunishikilia."

"Hayo umefundishwa leo?"

"Leo."

"Na wamekufundisha uulize nini?"

"Kilichobaki kitanigharimu nini, na mbele kuna nini."

Alimenya ndizi nyingine hadi mwisho. "Haya. Mbele kuna nini?"

Gharama niliijua, alikuwa ameketi hapo mbele yangu na mikono myeusi ya utomvu. Lakini mbele kila nilipotazama niliona kiti kile kile cha ofisini.

"Basi usiache leo," alisema. "Acha siku utakayokuwa na jibu."

Sikuacha. Watu hunisifu kwa hilo, hasa kanisani, wakisema nina moyo. Ukweli ni kwamba sikuwa na nguvu hata za kuandika barua ya kuacha.

Katikati ya muhula tulipewa kazi kubwa. Kila mmoja achague jambo ambalo mwajiri wake anafikiria kulifanya, alipime kwa njia tulizofundishwa, kisha alieleze mbele ya darasa. Nilimwomba meneja wa shamba ruhusa ya kutumia takwimu zetu, nikitarajia anipe jambo dogo, labda kununua trekta. Aliniambia nifunge mlango.

Shamba lilikuwa limeleta mashine za kuchuna majani miaka michache nyuma, na wachunaji wa mkono walikuwa wamepunguzwa, wengi wao wanawake. Mashine zilihitaji mahali pakavu pa kuwekwa. Karibu na karakana kulikuwa na nyumba ya watoto, yaani nyumba ambayo akina mama wachunaji waliacha watoto wadogo alfajiri na kuwachukua jioni. Zamani ilijaa. Sasa vitanda vingi vilikuwa vitupu.

"Tukiifunga tukaifanya stoo, tunaokoa nini?" meneja aliuliza. "Wewe ndiye unasomea mambo haya. Andika vizuri, nitaipeleka juu."

Sikumwambia kwamba nililelewa humo. Wazazi wangu walitoka Kisii kuja kuchuna chai, na mama alikuwa akiniacha pale kabla giza halijatoka, nimefungwa shuka. Nakumbuka sakafu ya baridi, uji kwenye vikombe vya bati, na nguo za watoto zikikaushwa juu ya jiko siku ambazo jua halikutoka. Mwanamke aliyekuwa akiitunza nyumba sasa ndiye aliyekuwa msichana msaidizi wakati huo. Sasa watu wote, Wakipsigis na sisi wengine, tulimwita Kogo, yaani nyanya.

Nilikwenda kumwona siku ya kazi, saa ya mapumziko. Nilibeba kalamu na karatasi, lakini moyoni nilikuwa nimeshaamua. Nilikuwa naenda kuiokoa nyumba ile.

"Chamgei, Kogo," nilimsalimu.

"Chamgei mising. Kaa hapo, usimkanyage huyo."

Mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na mlango. Niliketi, nikamweleza kilichonileta, nikaongeza kwamba nitajitahidi kuonyesha jinsi kazi yake ilivyo muhimu. Alinisikiliza huku akikunja nepi.

"Usinitetee," alisema.

"Kogo?"

"Nimesema usinitetee. Wakifunga watanipa haki yangu niende nyumbani Chebunyo. Niko na mbuzi huko, wanachungwa na mtu mwingine. Mgongo huu umebeba watoto wa watu tangu wewe ukililia uji hapa. Umechoka."

Nilibaki na kalamu mkononi. "Na hawa watoto?"

"Sijasema hawahitaji mtu," alijibu. "Nasema huyo mtu si lazima awe mimi."

Mtoto wa mkekani aliamka akaanza kulia. Kogo aliinama kwa shida, akashika kiuno kwanza, akamwinua. Niliaga nikatoka. Njia ya kurudi ofisini hupita katikati ya chai, na nilitembea polepole, bila kujua nimekasirika au nimeona haya. Nilikuwa nimejipanga kumsemea mtu ambaye hakuomba kusemewa.

Siku iliyofuata nilikwenda mahali pa kupimia majani, nikawauliza akina mama wangefanya nini nyumba ikifungwa. Mmoja alisema angemtoa binti yake wa kwanza shuleni amkalie mdogo. Mwingine alisema angemwacha mtoto kwa jirani asiyemwamini. Wa tatu, ambaye bado alikuwa na kikapu mgongoni, alisema angerudi tu kwao, kwa sababu hata hivyo mashine zitawamaliza. Alisema bila hasira, kama mtu anayeeleza hali ya hewa.

Nikakaa na hesabu yangu. Upande mmoja niliweka kile ambacho shamba lingeokoa, upande mwingine siku ambazo akina mama wangekosa kazi na gharama ya kutafuta wengine. Nikarudisha kila mwaka hadi leo kama nilivyofundishwa. Jibu likasema kufunga kuna faida, lakini ndogo. Nikabadilisha kiwango cha kupunguzia kidogo tu, kwa sababu mwalimu alisema tujaribu, na jibu likageuka. Nikakirudisha, likarudi. Nilikaa nikiitazama kompyuta. Wiki zote hizo nilikuwa nimeamini kwamba mahali fulani ndani ya fomula kuna ukweli, na nikisoma kwa bidii nitaufikia. Kumbe mtu anayechagua kiwango anaweza kuufikia ukweli anaoutaka kabla ya chai ya saa nne. Hilo lilinichosha kuliko kufua, kuliko barabara, kuliko mvua ya mabati.

Siku ya kueleza kazi zetu nilisimama mbele ya darasa nikaonyesha yote, hata lile jibu linalogeuka. Mzee wa Kedowa aliinua mkono.

"Madam, huyo msichana anayetolewa shule, yuko mstari gani hapo?"

"Hayuko," nilisema. "Hagharimu kampuni."

Nilimgeukia mwalimu, nikitarajia aniokoe au anikosoe, lolote. Alijikuna shingo.

"Ni kweli hagharimu kampuni," alisema. "Somo hili linauliza habari za kampuni, na siwezi kulifanya liulize kingine. Lakini halikukatazi kuandika, kwa maneno, kile ambacho jibu lako haliwezi kubeba. Andika. Na uandike ukurasa wa kwanza. Wakubwa hawafiki wa mwisho."

Nikaandika. Ukurasa wa kwanza niliweka jibu, nikaweka jinsi linavyogeuka, kisha nikawaweka akina mama watatu kwa maneno yao, bila kuongeza chumvi. Kuhusu Kogo niliandika kwamba mtunzaji wa sasa anataka kustaafu, kwa hiyo uamuzi usifanywe kwa ajili yake. Nilimpelekea meneja. Aliusoma ukurasa huo akiwa amesimama.

"Sasa unaniambia nifunge au nisifunge?"

"Nakwambia kufunga kunaleta faida ndogo, na hasara inaangukia watu ambao hawamo kwenye hesabu."

"Hilo si jibu."

"Ndilo nililopata, bosi."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na macho mekundu ya mtu anayelala vibaya, na nilianza kuelewa kwa nini wiki mbili baadaye, tulipotangaziwa kwamba shamba limeuzwa.

Ikawa kwamba majuma yale yale mwalimu alikuwa akitufundisha kwa nini kampuni hununua kampuni nyingine. Jumamosi nilinakili sababu zake: kupata soko, kupunguza gharama, kuondoa kazi zinazojirudia. Jumatatu nikiingia ofisini nilikuta wageni wenye vitambulisho shingoni wakifungua makabati yetu na kuuliza nani anafanya nini. Sasa nilijua maana ya kazi zinazojirudia. Watu walinizunguka kwenye chai. "Wewe unayesoma, watatufuta?" Niliwaambia sijui, na hawakuniamini. Mlinzi wa geti, mtu niliyetoka naye kambi moja ya wachunaji utotoni, aliacha kunisalimu kwa sababu alidhani naficha.

Baadhi ya wenzetu waliondoka. Meneja wetu alikuwa miongoni mwao. Alipakia picha za familia na kiti chake cha mgongo, akatushika mkono mmoja mmoja, akaondoka kabla ya mvua.

Mwezi mmoja hivi baada ya hapo alikuja mwanamke kijana kutoka kwa wenye shamba wapya, akazunguka kila mahali akipiga picha. Alipofika nyumba ya watoto alisimama kwa muda mrefu, kisha akaagiza ipakwe rangi, iwekwe magodoro mapya na uzio. Nilikuwa nimetumwa nimsindikize, nikamuuliza kama amesoma ripoti iliyoandikwa kuhusu nyumba hiyo.

"Ripoti gani?" aliuliza. Kisha akanieleza, kwa upole, kwamba wanunuzi wa ng'ambo hutuma wakaguzi, na wakaguzi huuliza mama wanaofanya kazi wanaacha wapi watoto. Bila mahali pa watoto, chai haipati cheti, na bila cheti haiuziki kule. "Kwa hiyo hii haiguswi," alisema.

Nilisema asante. Nilifurahi, kwa kweli. Lakini nilijisikia pia kama mtu aliyebeba gunia mlimani akakuta barabara ya lami upande wa pili. Hadi leo sijui kama karatasi zangu zilifunguliwa na mtu mwingine yeyote baada ya meneja kuondoka.

Kogo hakufurahi. Aliposikia nyumba inabaki, alijifunga leso akaenda mwenyewe ofisi ya wafanyakazi, akasema anataka kwenda. Wenye shamba wapya walikuwa wakipunguza watu, kwa hiyo hawakumbishia. Tulimfanyia sherehe ndogo pale pale ndani, chai ya maziwa na mandazi, ukuta bado ukinuka rangi. Akina mama walimwimbia wimbo wa kanisani. Alipoombwa aseme neno alisimama, akashika kiuno kama kawaida yake.

"Mimi nimechoka," alisema, "na leo nimekubaliwa kuchoka. Mungu awabariki." Akaketi.

Wengi walicheka. Mimi nilitoka nje kidogo, nikasimama karibu na uzio mpya hadi macho yalipokauka. Alipanda pikapu na kitanda chake na sufuria zake, akaketi mbele na dereva, akaelekea Chebunyo. Mahali pake aliwekwa mama kijana aliyekuwa amepoteza kazi ya kuchuna, na watoto walimzoea upesi.

Mtihani wa mwisho tuliufanya mvua ikinyesha, hivyo hakuna aliyesikia onyo la muda kwisha. Matokeo yalipotoka mzee wa Kedowa ndiye aliyenipigia simu kwanza.

"Madam, tumepita."

"Tumepita kiasi gani?"

"Kiasi cha kutoulizwa," alisema, na nilimsikia akiwaambia wapakiaji wake waangalie magunia.

Nafasi niliyokuwa nikiisomea haikutangazwa. Wenye shamba wapya walisimamisha vyeo vyote hadi watakapopanga mambo yao, na barua iliyotuambia hivyo ilisainiwa na mtu ambaye hatujamwona. Niliisoma mara moja nikaiweka chini ya mashine ya kuhesabia, nikaendelea na vocha za malipo.

Jumamosi ya kwanza ya likizo nililala hadi jua likaingia dirishani. Nilipoamka mume wangu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda na vikombe viwili vya chai, na watoto walikuwa wakigombana uani kuhusu baiskeli. Tulikunywa polepole. Ilikuwa muda mrefu hatujakaa hivyo mchana, na nadhani kila mmoja wetu alikuwa akitafuta pa kuanzia.

"Muhula ujao ni somo gani?" aliuliza mwishowe.

"Utafiti."

"Jumamosi?"

"Jumamosi," nilisema.

Alichukua kikombe changu kitupu akauliza kama nataka kingine. Nilisema ndiyo.